Kwa Nini Mwanangu Hawezi Kuacha?



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu mnaoisoma safu hii kila wiki, Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu utulivu na afya. Wiki hii nilikusudia kuendelea na mazungumzo yetu ya mirathi, lakini nimeyaweka kando kwa sababu ya swali moja ambalo limeninyima usingizi.

Baada ya darsa la akina mama la Alhamisi, bibi mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alingoja hata mikeka ikakunjwa, ndipo akasema kwa sauti ya chini: "Sheikh, kijana wangu anavuta unga. Tulimfungia chumbani siku kumi na mbili. Tulimsikia akilia, akitapika, akigonga mlango, nasi tukajikaza. Siku ya kumi na tatu alitoka mzima. Akaoga, akala, akaswali nyuma ya babake, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hatarudia. Wiki ya tatu akarudia. Niambie, mwanangu hana imani?"

Nilimwambia maneno ya kumpoza, kisha nikamwomba anipe muda. Mimi ni mtu wa madrasa, na elimu ya tiba si fani yangu. Lakini nilichelea kumjibu mzazi kwa dhana juu ya jambo ambalo wenye ujuzi wamelichunguza. Nimesoma, nimeketi na daktari mmoja akanifafanulia, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Nayaandika hapa kwa kuwa najua bibi yule si peke yake. Katika pwani yetu hii, tangu Lamu hadi Vanga, ni mitaa michache isiyokuwa na nyumba iliyofikwa na msiba huu.

Kufuli na funguo

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Kila seli imezungushiwa utando, mithili ya nyumba na ukuta wake. Katika utando huo mna protini za maumbo mbalimbali ambazo wataalamu huziita vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli: hakifunguki ila kwa ufunguo unaokiafiki. Ufunguo ukiingia, ndani ya seli hutokea jambo: pengine mlango hufunguka, pengine habari hupelekwa, pengine kazi fulani husimamishwa. Seli haina macho wala masikio. Iyajuayo kuhusu ulimwengu ulio nje yake, aghalabu huyajua kupitia kufuli hizo.

Tuchukue mfano wa jikoni. Kila mama aliyekata pilipili kisha akajigusa jicho anaujua moto wake. Lakini pilipili haina moto. Kilichomo ndani yake ni kemikali iitwayo kapsaisini, nayo ni ufunguo wa kipokezi kimojawapo kilichomo katika mishipa ya fahamu inayobeba maumivu. Kipokezi hicho hicho hufunguliwa na joto la kuunguza, la takriban nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi. Basi ubongo huletewa habari ile ile: "Tunaungua!" Na mtu akatoka jasho na machozi, ilhali hakuna kilichoungua. Mwaka 1997 mtaalamu David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikitambua kipokezi hicho, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mguso. Ama ndege, kufuli yao imetofautiana kidogo na yetu, kapsaisini haiifungui. Ndiyo maana utawaona wakidonoa pilipili kichaa bila kujali.

Tushike jambo moja katika mfano huu: kitu kigeni kinaweza kuingia katika kufuli ya mwili, na ubongo ukaamini habari kinazozileta. Tutalirudia.

Maumivu ni mlinzi

Wala mishipa ya fahamu haikuumbwa mara moja ikabaki vivyo hivyo. Hukua, hutoa matawi, na hubadilika kwa kadiri ya habari zinazoifikia kupitia vipokezi vyake. Aliyetufungulia mlango wa elimu hii ni mwanamke, Rita Levi-Montalcini, aliyezaliwa Turin, Italia, mwaka 1909. Sheria za Mussolini za mwaka 1938 ziliwazuia Mayahudi wasifanye kazi katika vyuo, naye alikuwa Myahudi. Akakigeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akanoa sindano za kushonea ziwe visu vyake, akachunguza jinsi mishipa ya fahamu inavyokua katika vifaranga vilivyo bado ndani ya mayai. Baada ya vita alikwenda St. Louis, Marekani, na huko, akisaidiana na Stanley Cohen, wakabainisha kwamba kuna protini maalumu inayoiamuru mishipa ikue. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Baadaye ikajulikana kwamba protini hiyo nayo ina kipokezi chake. Kuna watoto wachache mno duniani wanaozaliwa kipokezi hicho kikiwa na kasoro, na mishipa yao ya maumivu haikui. Mzazi asiyejua angedhani mtoto wa namna hiyo ana bahati. Kumbe hujiuma ulimi asijue, hushika chungu cha moto asirudishe mkono, huvunjika mguu akaendelea kucheza. Wala hatoki jasho, hivyo homa ikimpanda huwa ya hatari. Wazazi wake huishi na hofu usiku na mchana, kwa kuwa mlinzi waliyenyimwa ni yale maumivu tunayoyalalamikia sisi.

Na kwa mtu mzima, protini ile ile huongezeka palipo na jeraha, ikaifanya mishipa ya mahali hapo iwe na makali zaidi. Ndiyo sababu kidonda hakitaki kuguswa hata na upindo wa kanga. Mwili unasema: pahifadhiwe hapa mpaka papone.

Mgeni aliyekuta kufuli

Sasa tuje kwenye unga. Watu walijua tangu kale kwamba utomvu wa mmea wa afyuni huondoa maumivu na kuleta usingizi, lakini hawakujua ni kwa njia gani. Mwaka 1973, Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walionyesha kwamba ubongoni mna vipokezi vinavyopokea dawa za jamii ya afyuni. Mwaka huo huo wataalamu wengine wa New York na wa Uppsala, Sweden, walifikia jambo hilo hilo.

Likazuka swali: kwa nini ubongo wa mwanadamu uwe na kufuli ya utomvu wa ua linalomea nchi za mbali? Jibu likapatikana mwaka 1975 huko Aberdeen, Scotland, kwa John Hughes na Hans Kosterlitz. Kufuli hiyo haikuwekewa afyuni. Mwili una funguo zake wenyewe, unazozitengeneza kwa kiasi na kwa wakati. Hutolewa mtu anapojeruhiwa, anapokimbia mbio ndefu, na mama anapokuwa katika uchungu wa uzazi. Subhanallah! Kila mama aliyejifungua amewahi kuhudumiwa na dawa hiyo asiyoijua jina.

Unga, yaani heroini, hutengenezwa kwa mofini itokayo katika afyuni. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiuza tangu mwaka 1898 kuwa dawa ya kikohozi, kabla madhara yake hayajadhihirika. Ikiingia mwilini hufika ubongoni upesi, ikageuka mofini, ikazijaza kufuli zile kwa wingi ambao funguo za mwili hazikuwahi kuufikia. Hapo hutokea mambo matatu kwa pamoja: maumivu hutoweka, furaha isiyo na sababu humfunika mtu, na pumzi hupungua kasi. Hilo la tatu nawaomba mliweke akilini.

Kwa nini basi hawezi kuacha?

Jirani akifungulia redio kwa sauti kubwa usiku na mchana, utafanya nini? Utafunga madirisha. Na seli hufanya vivyo hivyo. Kufuli zikichokozwa kila siku, seli huzitia ganzi na nyingine huzizamisha ndani zisipatikane. Kiasi kilichomtosha kijana mwezi wa kwanza hakimtoshi mwezi wa sita. Na madirisha yakisha kufungwa, hata sauti za kawaida za nyumbani hazisikiki. Chakula kitamu, kicheko cha mdogo wake, pongezi ya babake, utulivu wa baada ya swala, yote hayo yalikuwa yakimfurahisha, sasa hayamfikii. Mama humwona kijana amekuwa jiwe, akadhani amewachukia. Hakika si chuki, madirisha yamefungwa.

Fauka ya hayo, seli hushindana na mgeni huyu. Unga unapoituliza, yenyewe huongeza bidii ili kazi isisimame. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba. Upande mmoja ukiiachia kamba kwa ghafla, wa upande wa pili huanguka chali. Kuanguka huko ndiko vijana wanakokuita arosto. Unga ulileta usingizi, sasa usingizi unakatika. Ulifunga tumbo, sasa tumbo linaharisha. Ulizima maumivu, sasa mifupa yauma kana kwamba inasagwa. Na wengine waliotumia muda mrefu mishipa yao huwa hodari wa maumivu kuliko ya mtu ambaye hakutumia kabisa. Kilio alichokisikia bibi yule nyuma ya mlango hakikuwa cha kujifanya.

Arosto ya heroini huanza kabla ya siku moja kutimia, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupoa baada ya wiki moja hivi. Hapo ndipo sisi wazazi tunapokosea hesabu. Tunaona kijana amekula na ameoga, tunasema amepona. Kilichopoa ni ule mwanguko wa kamba. Madirisha bado yamefungwa, na zile njia za ubongo zilizojifunza kuutamani unga huchukua miezi, pengine miaka, kurejea hali yake. Akipita kwenye kichochoro alichokuwa akivutia, au akimwona rafiki wa zamani, tamaa humpanda kabla hajawaza.

Mlango unapofunguliwa

Haya ninayoyaandika sasa ndiyo yaliyonifanya niiahirishe mirathi. Mwenye kusoma amsomee na asiyejua kusoma.

Katika siku zile za kufungiwa, seli hulegeza ushindani wake, na ganzi ya kufuli huanza kuondoka. Uvumilivu wa mwili kwa unga hushuka. Lakini kijana hana habari hiyo. Akirudia, hutumia kile kiasi alichokizoea, na mwili ambao wiki tatu nyuma ulikistahimili, leo haukiwezi. Tumekwisha kusema kwamba kufuli hizo zimo pia katika sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi. Pumzi hupungua, hupungua, kisha husimama. Ndiyo maana siku za kwanza baada ya kutoka chumbani, au gerezani, au katika nyumba ya kuachia dawa, ndizo siku ambazo waraibu hufa kwa wingi. Mama alidhani hatari imekwisha alipofungua mlango, kumbe ndipo ilipoanza.

Basi jueni dalili zake. Ukimkuta amelala na haamki ukimwita na kumtikisa, anakoroma kwa mkoromo wa ajabu au anapumua kwa nadra, midomo imekuwa ya samawati au kijivu, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, usiseme "mwacheni alale, unga utamtoka." Mlaze ubavu asipaliwe na matapishi, itisha msaada, mfikishe hospitali kwa haraka. Pumzi ikiwa imesimama, ajuaye kumpulizia ampulizie. Madaktari wana dawa iitwayo naloksoni, ambayo huingia katika kufuli zile zile ikausukuma unga nje bila kuifungua kufuli, na mtu akarejewa na pumzi kwa dakika chache. Lakini nguvu yake huisha mapema, pengine kabla unga haujaisha mwilini, kwa hivyo aliyezinduka asirudishwe nyumbani kabla daktari hajaridhika. Wala msione haya mkamficha. Aibu ya baraza hupita. Mauti hayarudi.

Dawa na shaka zake

Wengi huniuliza juu ya methadoni. Serikali yetu ilianza kuitoa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2014, na mwaka 2015 ikafika Malindi, kisha Mombasa. Nayo huingia katika kufuli ile ile, na hapo ndipo penye shaka za watu: "Sheikh, si ni kumtoa mtu katika ulevi mmoja kumtia katika mwingine?"

Nilidhani hivyo hata mimi, mpaka nikafafanuliwa. Unga huingia kwa kishindo na kutoka kwa kishindo, ndiyo maana mraibu huutafuta mara tatu au nne kwa siku, na kwa ajili yake huuza hata sufuria za mamake. Methadoni huingia polepole, nguvu yake hukaa siku nzima au zaidi, na anayenyweshwa kwa kipimo chake sawa hapati ule mlevyo wala ile arosto. Kamba inashikwa, haivutwi wala haiachiwi. Kijana hupata nafasi ya kulala, kula, kufanya kazi na kusikia anapoitwa. Aghalabu huinywa mbele ya mhudumu, tena dawa ni safi, haina sindano ya kuchangia wala maradhi yake. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima tangu mwaka 2005. Katika nchi za Waislamu, Iran na Malaysia zinaitumia kwa upana, na huko Kuala Lumpur kuna msikiti uliowahi kuitoa dawa hiyo kwenye viwanja vyake.

Mimi nionavyo, dawa iliyoandikwa na tabibu mwaminifu ili kuiokoa nafsi haiwi sawa na ulevi wa kichochoroni, hata kama asili zao ni jamaa. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu. Lakini tusiichukulie kwa wepesi. Ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi huweza kuua, na kwa mtoto ni sumu. Wala asiikate mtu ghafla kwa kuwa jirani amemcheka. Hupunguzwa kwa mkono wa daktari, taratibu, na wapo wanaoihitaji kwa miaka.

Na kwa binti aliye mjamzito naye yumo katika uraibu, maana wapo, tena wamefichwa zaidi ya wavulana, msimfungie akate kwa ghafla. Arosto huweza kumdhuru na mtoto aliye tumboni. Mpelekeni kliniki, aelezwe hali yake bila kupigwa mafumbo. Mtoto akizaliwa na arosto yake, nayo ina matibabu.

Ama Ramadhani, dawa inayomezwa mchana hufunguza. Lakini mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka ana hukumu yake ya fidia. Asikatize dawa kwa ajili ya funga kabla hajasema na wanaomtibu, na hali yake amweleze mwanachuoni anayemwamini.

Jibu langu kwa bibi yule

Wako watakaosema, "Sheikh amemwondolea kijana dhambi akaitwika seli." Sivyo. Aliyeonja mara ya kwanza alichagua, na toba ni wajibu wake. Wala vipokezi havimhalalishii kuiba dhahabu ya mamake. Lakini mtu aliyejitia kisimani kwa ujinga wake hutolewa kwanza, ndipo akaulizwa. Na aliyevunjika mguu kwa kupanda mwembe aliokatazwa hatuambii mfupa wake utubu. Mfupa tunaufunga, na yeye tunamnasihi. Dua na dawa ni mikono miwili ya mwili mmoja.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wengi hulitumia neno hilo kuhalalisha kumfungia na kumchapa. Lakini walisema pia kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ukali uelekezeni kwa wauzaji, ambao baadhi yao twaketi nao safu ya mbele na twakubali michango yao. Kwa mgonjwa pelekeni subira yenye macho: ufunguo wa sanduku usiachwe wazi, fedha asipewe mkononi, lakini sahani yake iwepo, na mlango wa kurudi usifungwe.

Bibi, ulimwuliza sheikh kama mwanao hana imani. Mimi sikuumba moyo wake hata niujue. Lakini mtu aliyeapa, akaswali nyuma ya babake, kisha akaanguka na akalia kwa kuanguka kwake, huyo bado anaupenda uzima. Usimfungie tena. Mshike mkono Jumatatu asubuhi mwende kliniki, na kama babake anaona haya kufuatana nanyi, nipitieni mimi. Nitawangoja msikitini baada ya swala ya Alfajiri.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na awahifadhi watoto wetu na kila linalowaharibia akili. Amin.

Wiki ijayo, inshallah, tutarudi kwenye mirathi.

Wabillahi tawfiq.